Mlevi wa Kusukutua

Shemeji yangu ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyeutafuta ulevi kwa bidii bila kumeza hata tone. Wengine hunywa wakaficha. Yeye hakunywa, na alifanya kila njia mtaa mzima ujue kwamba anakunywa. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka miwili, na aliifanya vizuri, maana huyu bwana hajui kufanya kitu nusunusu. Ningekuwa na kikombe cha zawadi ningempa, kisha ningemponda nacho kichwani.

Ni mume wa dada yangu, fundi wa plasta na vigae. Mafundi wenzake walimpachika jina la Timazi, yaani ule uzi wenye chuma kizito mwishoni wanaouning'iniza kujua kama ukuta umesimama sawasawa. Walimwita hivyo kwa sababu yeye hakuutumia. Alikuwa anafumba jicho moja, anautazama ukuta kutoka pembeni, anasema, "Umelala kwa unene wa kucha," na wakipima wanakuta umelala kwa unene wa kucha. Basi kichwa kikamvimba. Kuanzia hapo hapakuwa na ukuta wa mtu uliosalimika, hata wa nyumba tulizoalikwa tukale tu na kuondoka.

Alikuwa na tabia nyingine mbaya zaidi: kugonga. Kigae kilichokaa vizuri, ukikigonga kwa kifundo cha kidole, hutoa sauti fupi na nzito. Kilichoacha hewa chini yake hulia kwa sauti ya juu, na siku moja kitabanduka. Hiyo ni elimu ya kazi yake na simnyimi. Lakini yeye aligonga kila mahali. Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza kujitambulisha, kabla hajapewa kiti alishagonga ukuta wa sebuleni mara tatu, akatega sikio, akasema, "Hapa kuna hewa." Marehemu baba akaniuliza kwa sauti, "Huyu amekuja kuoa au kukagua?" Dada yangu akacheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Ukuta ule nilikuwa nimeupaka rangi kwa mikono yangu siku iliyotangulia, kwa ajili ya huyohuyo mgeni.

Ugonjwa ulimwingia kwa sikio la kulia, akiwa na miaka arobaini na minne. Kwanza lilijaa, kama la mtu aliyetoka kuoga na maji yakagoma kutoka. Kisha likaanza kunguruma. Alidhani ni ile mashine ya kukatia vigae, akaziba pamba. Wiki ya tatu, akiwa ghorofa ya tatu juu ya jukwaa la mabomba na mbao, mwiko mkononi, ukuta ukaondoka. Ndivyo alivyonieleza mwenyewe baadaye: hakuhisi kwamba yeye anazunguka, aliona ukuta unaondoka, unazunguka, unarudi, unaondoka tena. Akalala kifudifudi juu ya mbao, akakumbatia bomba kwa mikono miwili, akatapikia ndoo ya saruji ya mwenzake. Iliwachukua mafundi wanne karibu saa nzima kumshusha.

Msimamizi wa kazi ile ni mtu anayetembea na kipaza sauti shingoni. Nadhani hata chumvi mezani kwake huiomba kwa kipaza sauti. Akaja, akainama, akanusa.

"Umekunywa?" akauliza, na majirani wa jengo la pili wakasikia.

Hapa lazima nimtetee shemeji kidogo. Wiki moja kabla, fundi mmoja wa rangi alikuwa amesema ukweli wake: akipanda juu anasikia kizunguzungu, anaomba ruhusa aende hospitali. Msimamizi alimpa barua ya kuachishwa kazi kabla ya chakula cha mchana, akatoa na hotuba: "Mlevi akilala anaamka mzima. Huyu wa kizunguzungu atanidondokea hapa aniletee polisi." Wote walisikia. Kwa hiyo shemeji yangu, akiwa bado amelala chini na mbingu inamzunguka, alikuwa na muda mfupi sana wa kuchagua.

"Jana nilizidisha kidogo, bosi," akasema.

Msimamizi akacheka, akampigapiga mgongoni, akampa siku mbili za kupumzika. Mafundi wakamletea maji ya baridi. "Kumbe na wewe ni mtu!" wakamwambia. Miaka kumi na tano alifanya kazi safi, anafika mapema, hachelewi, haazimi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni mtu.

Uongo ule ulihitaji matunzo. Kizunguzungu kilirudi baada ya wiki mbili, kisha tatu, kisha mbili tena; kila kikija kinakaa saa mbili au tatu, kinamwacha ametapika na amechoka, na sikio likiwa limepungua nguvu kidogo. Mtu anayepepesuka kila baada ya wiki mbili bila kunuka chochote atashukiwa. Akaanza kupita kilabuni, pale karibu na geti la kazini, akinunua kichupa kimoja cha pombe kali. Anasukutua, anatema, anajipaka kidogo kwenye kola kama manukato, anafunga kifuniko, anakiweka mfukoni. Kichupa kimoja kilimtosha mwezi mzima. Walevi wa kweli wangeona aibu.

Mkewe naye akamdanganya. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga. "Dada yako ana huruma na ana mdomo," akasema. "Akijua naumwa, asubuhi hiyohiyo yuko kwa msimamizi kuniombea kazi ya chini, isiyo ya kupanda jukwaa. Na barua inaandikwa." Aliona afadhali mkewe amwone mlevi kuliko amwone mgonjwa. Wanaume na hesabu zao! Ningemwelewa kama angekuwa ameoa mwanamke mwingine, lakini huyu ni dada yangu, mtu ambaye hata harufu ya soda iliyochacha humpandisha hasira.

Dada yangu alihamishia godoro la mumewe sebuleni. Akimkuta amejikunja sakafuni, macho ameyafumba, vidole vimeng'ang'ania zulia, alikuwa anamwekea beseni karibu na kichwa kwa kishindo, anaondoka. Hakumpangusa uso. Hakumuuliza kitu. Alikuwa anakuja kwangu, ninakoshonea mapazia, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananisaidia kupinda pindo huku analia. "Mwanamume hajanywa miaka yote hiyo," anasema, "anaanza sasa, nikiwa nimeshazeeka naye." Mimi nilimpa maneno yote ambayo dada mdogo humpa dada mkubwa katika hali hiyo, na mengi yalikuwa matusi kwa shemeji.

Kisha kukatokea mkutano wa wazazi. Dada yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa shule ya mtaani, kazi isiyo na malipo ila maneno, na aliipenda kuliko chochote. Saa nne asubuhi, ukumbi umejaa, yeye yuko mbele anasoma taarifa ya vyoo vya wasichana, mumewe akaingia. Alikuwa amekuja kumletea miwani aliyoisahau, jambo la upendo kabisa. Alipofika katikati ya ukumbi, sikio likanguruma na sakafu ikamkimbia. Akashika dawati. Dawati nalo, kwa alivyoona yeye, likaondoka. Akaenda kwa magoti na mikono kati ya safu mbili za wazazi, miwani mdomoni, mpaka miguuni pa mkewe, akatapika juu ya taarifa ya vyoo.

Nilikuwepo. Kuna watu waliocheka na wakanitazama kuona kama nami nacheka. Wiki iliyofuata kamati ikakutana bila dada yangu, ikamwandikia barua nzuri yenye maneno "heshima" na "mfano kwa watoto". Mama mmoja aliyekuwa makamu wake, mtu mwenye sauti ya asali, akawa mwenyekiti. Dada yangu aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kabati la vyombo chini ya sahani za wageni. Tangu siku hiyo hakupita tena mbele ya shule. Kwenda sokoni alizunguka njia ndefu.

Ndipo akampeleka hospitali, akitaka apewe dawa ya kuacha pombe. Nikafuatana nao kubeba mfuko na kuzuia ugomvi. Daktari wa kwanza alikuwa kijana mwenye macho mazuri, maana aliona kitu ambacho sisi wote hatukukiona: mboni za shemeji zilikuwa zinachezacheza pembeni, zinaruka na kurudi. Akaandika karatasi, akatupeleka kwa daktari wa masikio.

Daktari wa masikio ni mwanamke mfupi, asiyecheka, mwenye mezani mfano wa sikio la plastiki linalofunguka. Alimweka shemeji kwenye kichumba kilichozibwa sauti, akamvalisha vidude vya masikio, akamsomea maneno ishirini na tano ayarudie. Sikio la kushoto, yote. La kulia, kumi na nane. Kisha akalifungua lile sikio la plastiki.

"Ndani kabisa kuna sehemu mbili zinakaa nyumba moja," alisema. "Hii ya kusikia, na hii ya kuuambia mwili uko wima au umeinama. Zote zinaishi kwenye maji. Kwako maji yanazidi, kifuko chake kinavimba, na kinapovimba mwili unaambiwa mambo yasiyokuwepo. Tutaanza na dawa na kupunguza chumvi. Zikishindwa, kuna upasuaji mdogo. Nitapasua nyuma ya sikio, nichonge mfupa unaokibana kifuko, kipate nafasi. Si hakika kwamba kizunguzungu kitaisha. Lakini sikio unabaki nalo."

Nakumbuka shemeji alivyokunjuka uso. Mtu wa kugonga vigae, unamwambia sikio anabaki nalo, unamwambia anabaki na kazi. Daktari akachukua fomu.

"Unakunywa pombe?"

Shemeji akafungua mdomo. Dada yangu akamtangulia.

"Kila siku, daktari," akasema. "Kila siku inayokwenda kwa Mungu."

Daktari akamtazama mgonjwa. Mgonjwa akamtazama mkewe. Sekunde tatu tu, angesema ukweli, na mimi leo nisingekuwa na cha kusimulia. Ila kusema ukweli pale ilikuwa kukiri mbele ya mke kwamba alilazwa sebuleni bure, kwamba uenyekiti uliondoka bure, na jioni hiyohiyo msimamizi angejua. Akatikisa kichwa kukubali. Mbwa yule! Nakumbuka nilimtikisia na mimi, kumpa moyo.

Daktari akaandika kwa muda mrefu. Akasema pombe peke yake huleta kizunguzungu na huvuruga dawa, na hawezi kumlaza mtu kwa dawa ya usingizi akiwa katika hali hiyo. Aache kabisa kwa miezi mitatu, arudi.

Sasa jamani, mtu ataachaje kitu ambacho hakukianza? Alimeza dawa, akala chakula kisicho na chumvi kama adhabu, na kizunguzungu kikaendelea kuja kwa ratiba yake. Kila kilipokuja, dada yangu alisema, "Umeonaje, amerudia." Baada ya miezi mitatu tukarudi. Muuguzi akauliza, "Ameacha?" Dada yangu akacheka kicheko kibaya. Tukapewa miezi mitatu mingine. Ikapita, na mingine juu yake. Katikati ya hayo shemeji aliendelea kwenda kazini, akiomba kazi za chini kwa kisingizio cha hangova, na msimamizi akimpa bila neno. Nikaanza kuona kwamba ukiwa upande wake wa kulia, hageuki.

Niliufahamu ukweli kwa sababu ya hasira zangu. Siku moja mchana nilifunga duka la mapazia, nikaenda kilabuni kumpasha mwenye kilabu. Nilikuwa nimejiandaa: nitamwambia anavunja nyumba za watu, nitamwambia Mungu anamwona. Nikamkuta anamwagilia makopo ya maua mlangoni, mama mnene, mtulivu.

"Wewe ndiye unayemuuzia shemeji yangu Timazi?"

"Yule fundi?" Akaweka kopo la maji chini. "Dada yangu, afadhali umekuja. Mwambie aniache na maua yangu."

"Maua gani?"

"Hayo!" Akanionyesha makopo mawili yaliyokauka kabisa. "Ananunua kichupa, anasukutua, anatemea humo, anajipaka shingoni, anaondoka. Mwaka wa pili huu. Nilidhani ana jino bovu. Kinywaji changu hajawahi kukimeza huyo, na mimi wanywaji nawajua."

Nilikaa kwenye kreti ya soda. Mama yule akaniletea maji, akadhani nami nina jino.

Jioni hiyo nilimsubiri shemeji kwenye kona kabla hajafika kwake. Nilimwambia, "Shemeji, nimetoka kuona maua." Kwanza akajaribu kupepesuka. Naapa! Akajaribu kupepesuka mbele yangu, kwa mazoea. Nilipomshika ukosi wa shati, akakaa kwenye ngazi za duka la watu na kunieleza yote haya niliyowaeleza, kuanzia ukuta ulioondoka. Akaniomba nisimwambie mkewe. Nikamwambia, "Nitamwambia leo, na wewe utakuwa umesimama hapo." Tukaenda.

Dada yangu alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha akauliza swali moja, na halikuwa nililolitarajia.

"Siku ile kwa daktari, ulitaka kusema nini kabla sijasema?"

Shemeji akajibu kwamba alitaka kusema hanywi. Kwa mtu mwenye uongo kama wake, hata hili sina hakika nalo. Dada yangu akasimama, akaliweka sinia juu ya meza, akamwambia, "Umeniangusha mbele ya watu. Utaniinua mbele ya watu. Wote walewale. Mpaka hapo usinisemeshe habari za jambo hili." Akaingia chumbani. Lakini godoro la sebuleni asubuhi halikuwepo.

Tulirudi kwa daktari wa masikio wote watatu. Damu ikapimwa, ikaonekana safi kabisa. Daktari akasema maini ya wafanyakazi wake mwenyewe hayajafikia usafi ule. Akavua miwani na kumtazama shemeji kwa namna ambayo nilifurahi haikunielekea mimi. Kisha kichumba, vidude vya masikio, maneno ishirini na tano. La kushoto, yote. La kulia, mawili.

"Ule upasuaji mdogo," alisema daktari, "ulikuwa wa kulinda sikio. Mara ya kwanza ulipokuja kulikuwa na sikio la kulinda. Sasa tutafanya mwingine. Nitachonga mfupa mpaka ndani na kuondoa kabisa sehemu ya mizani upande huo. Kizunguzungu kitakwisha, kwa sababu hakuna tena kitu cha kukuambia uongo. Kusikia nako kunakwenda, moja kwa moja. Kwa kuwa hakuna kilichobaki, ni uamuzi rahisi."

"Kuna maneno mawili," alisema shemeji.

"Ndiyo. Mawili."

"Yapi?"

Daktari akatazama karatasi. "Mlango. Na maziwa."

Shemeji akayafikiria mlango na maziwa kama mtu anayeagana na jamaa zake. Dada yangu alikuwa anatazama mfano wa sikio la plastiki na hakuinua macho mpaka tulipotoka. Hakuna aliyetaja "kila siku, daktari". Mimi sikutaja. Daktari naye hakutaja, ingawa lilikuwa limeandikwa pale mbele yake, kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Upasuaji ulichukua saa tatu. Siku mbili za kwanza alizunguka kuliko wakati wowote, akashika kitanda kwa mikono yote, na dada yangu alishika beseni, safari hii bila kishindo. Kisha zikaja wiki za kujifunza kutembea. Daktari alieleza kwamba ubongo lazima uzoee kupokea habari za upande mmoja tu. Kwa hiyo bwana mkubwa, mtu aliyekuwa anakosoa kuta za watu kwa unene wa kucha, alitembea kwenye korido ya hospitali ameshika ukuta huohuo kama mtoto wa mwaka mmoja. Alibandikiwa herufi moja ukutani, akaambiwa atikise kichwa kushoto na kulia bila kuiachia kwa macho. Nilimcheka sana. Nilikwenda kila siku kumcheka, na nilipokosa siku moja aliuliza niko wapi. Baada ya miezi minne alikuwa anatembea bila kushika kitu, na kizunguzungu hakijarudi mpaka leo.

Na mtaa ukafurahi! Watu walimsimamisha njiani kumpongeza kwa kuacha pombe. Lile kovu nyuma ya sikio walisema ni alipoanguka ulevini. Alijaribu kumweleza mmoja, akajibiwa, "Sawa, ndugu yangu, muhimu umeacha." Aliniambia mimi, kwa siri, kwamba mambo yameishia pazuri, kwa nini tuyachokonoe. Nikamuuliza kama hayo amemwambia mkewe. Hakuwa amemwambia. Dada yangu alikuwa bado anazunguka njia ndefu kwenda sokoni.

Mwezi wa sita, shule ikaanza kujenga jengo jipya la madarasa, na kazi akapewa yuleyule msimamizi wa kipaza sauti. Siku ya kufungua kazi wazazi wote waliitwa, kamati ikakaa mbele chini ya turubai, mafundi wakajipanga na kofia zao. Shemeji aliitwa rasmi. Msimamizi alimtaka awe mkuu wa plasta na vigae. Dada yangu alikuja pia. Alivaa gauni lake la mikutano, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu nami, mkoba juu ya magoti.

Baada ya hotuba, msimamizi akamwita shemeji mbele. "Huyu hapa," akasema, "alikuwa mlevi wa kutupwa! Leo tazameni! Waeleze vijana uliachaje." Akamvalisha kipaza sauti.

Nilimwona anatafuta uso wa mkewe kule nyuma, akauona. Akasema, "Mimi sijawahi kunywa. Nilikuwa naumwa sikio, linanizungusha. Niliogopa kufukuzwa, nikajifanya mlevi. Mke wangu alikuwa hajui. Mlimwondoa bure."

Wakapiga makofi. Sauti ya Asali, mwenyekiti mpya, akamwinamia jirani yake akasema, na mimi nikasikia, "Maskini, bado anakataa. Ndivyo walivyo." Watu wakacheka kwa upole, ule upole ambao ungeweza kumfanya mtu arushe kiti.

Msimamizi akachukua kipaza sauti chake. "Sikiliza, fundi. Kama ilikuwa pombe na umeacha, kesho unaanza, kazi yote ya ndani ni yako. Kama ni kichwa kuzunguka, mimi siwezi kukuweka hapa, hata chini. Sasa waambie watu vizuri. Ilikuwa nini?"

Bila kipaza sauti, na kwa sauti ambayo wote tuliisikia, shemeji akasema, "Ugonjwa."

"Fikiri vizuri."

"Ugonjwa wa sikio. Nimepasuliwa. Upande huu sisikii kabisa."

"Basi huna kazi hapa."

Hapo ndipo walipoamini. Makofi yakakatika, vicheko vikakatika, maana hakuna mlevi anayeacha kazi ya ukuu kwa ajili ya uongo. Karatasi za hospitali asingezisoma mtu. Damu safi isingewashawishi. Walitaka kuona mtu anafukuzwa mbele yao, ndipo wakajua kwamba anasema kweli. Sauti ya Asali aliinamisha uso akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, akakitafuta muda mrefu. Mzee mmoja wa kamati alisimama akavua kofia, akatazama kule tulikokaa. Mimi nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira nao wote.

Dada yangu alishaondoka kitini. Alipita katikati ya viti, watu wakimpisha na kumsalimu kwa lile jina la cheo chake ambalo hakulisikia kwa miaka miwili, na yeye hakumjibu mtu. Akafika kwa mumewe, aliyekuwa amesimama anautazama mgongo wa msimamizi. Akasimama kulia kwake na kusema neno. Shemeji hakugeuka. Dada akamzunguka, akaja kushoto, akamshika mkono, akalisema tena: "Nisamehe."

"Nilikusikia mara ya kwanza," shemeji akamwambia.

Uongo mtupu.